Mikono ya Kamere

Mugure alifua dastikoti ya kazi ya binti yake kando na nguo nyingine, kwenye karai ambamo hamkufuliwa kitu kingine, kisha akayabeba yale maji mpaka nyuma ya choo cha ploti, mbali na kuku. Hiyo ilikuwa sheria ya mtaa wa Kamere, na hakuna bunge lililoipitisha. Kila mwanamke mwenye mtu wake kwenye grinihausi, yale mabanda ya plastiki ya kukuzia maua, aliijua. Mpangaji mmoja mgeni aliwahi kumwaga maji ya namna hiyo mlangoni, na kufika mchana kuku wa jirani walikuwa wamelala miguu juu. Walitukanana siku nzima, kisha mgeni akajua mahali pa kumwaga.

Alianika dastikoti kwenye waya, akajipangusa mikono kwenye sketi. Viganja vyake havikuwa vikiwasha tena siku hizi, lakini ngozi haikuwahi kurudi sawa. Ilibambuka, ikaota nyingine laini, nayo ikabambuka. Alikuwa amekata maua ya watu tangu usichana wake mpaka kifua kikakataa. Kampuni ilimwambia apumzike kwanza, na alipopumzika wakamwambia nafasi yake imeshapata mtu. Hakuna aliyemfukuza wala kumfokea, na jambo hilo lilimchoma kuliko kama angefukuzwa, maana hata ugomvi hawakumpa.

"Mathe wa Mswada," Shiko, binti yake, alimwita kutoka mlangoni, kikombe cha chai mkononi. "Leo utaongea ama utatulilia?"

"Nitaongea. Kulia nimelia ya kutosha."

"Sawa. Ukilia watasema wanawake wa Kamere ni wa machozi."

Shiko alicheka, kisha akashika kiuno na kuegemea ukuta. Tumbo lilikuwa bado dogo, la kufichika chini ya sweta. Ilikuwa mimba ya pili. Ya kwanza ilitoka kwenye choo cha kampuni, saa za kazi, na Shiko akanawa, akarudi kumalizia laini yake ya waridi kwa sababu supavaiza alikuwa akiulizia yuko wapi. Daktari wa zahanati alisema hawezi kujua kilichosababisha. Pengine ni dawa wanazopiga kwenye maua, pengine si dawa. Mugure hakungoja aambiwe mara ya pili. Alikuwa ameyaona mengi mle ndani, na wanawake wengi waliotoka choo kile wakiwa wamefunga leso kiunoni kuficha damu.

"Si uache tu hiyo kazi," alikuwa amemwambia.

"Niache tukule nini? Jeff kontrakti yake ya kuchimba mvuke Olkaria iliisha. Anashinda kwa kona na wenzake wakingoja lori la vibarua. Niache, halafu?"

Ilikuwa kweli, Jeff, mume wa Shiko, hakuwa na kazi. Mugure alichokuwa nacho ni Kumi na Moja.

Hivyo ndivyo Kamere walivyokiita kifungu cha kumi na moja cha mswada, na waliokiita hivyo walikisema kama jina la mtu wa nyumbani. Kilisema mambo mawili tu. Dawa ikipigwa kwenye grinihausi, mlango ufungwe na mtu yeyote asiingie mpaka muda ulioandikwa kwenye mkebe wa dawa uishe. Na mwanamke akiwa na mimba, ahamishiwe kazi nyingine, kibarua chake kisiguswe. Kigen ndiye aliyekiandika kwa lugha ya sheria. Kigen alikuwa kijana wa shirika moja dogo la kutetea haki kule Nakuru mjini, mwenye viatu vilivyochakaa upande mmoja na sauti ya upole iliyomfanya Mugure ajiulize mara kwa mara kama mtu wa aina hiyo anaweza kushinda chochote. Lakini maneno yenyewe yalitoka kwa wanawake, kwenye viti vya plastiki nyuma ya kanisa, baada ya maombi ya Jumatano. Kila mmoja alisema lililompata, na Kigen akaandika mpaka kalamu ikaisha wino.

Baada ya hapo ikawa ni kuzunguka tu. Jioni baada ya jioni, mlango kwa mlango, ploti kwa ploti, Mugure akipumua kwa filimbi. Kueleza mswada ni nini. Kueleza kwamba si kampeni, wala hagombei kiti. Kuulizwa, "Na sisi tutapewa nini?" na kujibu, kisha kwenda mlango wa pili na kuulizwa hilohilo. Kuna watu walimfungia mlango. Kuna waliomwambia, mama, wewe ulishatoka kule, sisi bado tunakula kule, tafadhali usitumwagie unga. Alirudi nyumbani miguu imevimba, akaiweka kwenye maji ya chumvi, na kesho yake akatoka tena. Mwaka ukaisha hivyo. Mswada ukasomwa katika bunge la kaunti kule Nakuru, ukakwama, ukafufuka, na hatimaye wakaambiwa kamati ya waheshimiwa inakuja Kamere kusikia maoni ya wananchi. Kampuni, Kigen alieleza, ilikuwa imepeleka marekebisho yake na haikitaki kifungu hicho.

"Mkiulizwa, semeni kitu kimoja," Kigen aliwafundisha. "Kumi na Moja ibaki vile iko. Isiguswe. Hata kama mmesahau kila kitu, mseme hiyo tu."

Walifanya mazoezi. Akeyo, rafiki yake Mugure aliyekuwa bado anakata maua, ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Alisimama pale nyuma ya kanisa na kusimulia jinsi alivyoingia grinihausi matone ya dawa yakiwa bado yanadondoka kutoka kwenye majani, akatoka akiwa haoni, akaongozwa nyumbani kwa mkono na mtoto wake wa shule ya chekechea. Hata Kigen aliacha kuandika.

Kikao kiliwekwa siku ya kazi. Kigen alikuwa ameomba Jumapili alasiri, akaambiwa waheshimiwa nao wana familia. Basi Mugure alivaa rinda lake la kanisani, akatembea mpaka ukumbini akiwa na hofu kwamba watakuwa wazee na akina mama wa sokoni peke yao. Alipoona mabasi ya kampuni yakiingia uwanjani, moja, la pili, na wafanyakazi wakishuka na dastikoti zao, moyo ulimruka. Wamewaruhusu! Loo, Mungu ni mkubwa. Kisha akaona aliyetangulia kushuka. Alikuwa Bwana Mbugua, meneja wa wafanyakazi, mtu anayeamua kontrakti ya nani itiwe sahihi na ya nani isitiwe. Alikuwa ameshika chupa ya maji na kutabasamu. Aliingia ukumbini na hakuketi. Alisimama karibu na jukwaa, ubavuni, pale ambapo kila atakayenyanyuka kusema lazima amtazame.

Hakusema neno lolote siku ile. Hakukuwa na haja.

"Haya, wananchi, tuko hapa kwa ajili yenu," alisema Mheshimiwa Kosgei, mwenyekiti wa kamati, mtu mnene mwenye ucheshi. "Msiogope. Ongeeni kama mko kwa jikoni zenu. Nani wa kwanza?"

Hakuna aliyenyanyuka. Viti vililia sakafuni. Mtu alikohoa, na wengine nao wakakumbuka kukohoa. Mugure alimgeukia Akeyo, akamgusa goti. Akeyo alisimama. Alifungua mdomo, akamtazama Bwana Mbugua, na Bwana Mbugua akamtikisia kichwa kwa adabu, kama anayemkaribisha nyumbani kwake.

"Mimi naitwa Akeyo," alisema. "Nafanya kwa kampuni. Mimi... mimi nashukuru kampuni kwa kutujengea vyoo vipya."

Akaketi. Wa karibu naye walipiga makofi. Akeyo alikaza macho kwenye magoti yake, na Mugure hakumlaumu. Wallahi hakumlaumu. Baada ya Akeyo alisimama mwingine akaomba barabara. Mwingine akauliza kuhusu viboko wanaotoka ziwani na kula sukuma zao. Mheshimiwa alicheka, akasema viboko si wa kamati yake.

Ndipo Mugure akanyanyuka. Hakuwa na kontrakti ya kupoteza, na ndiyo maana alikuwa mzito wa miguu kuliko wote, kwa kuwa alijua anasema kwa niaba ya watu waliokuwepo pale na walioweza kujisemea. Alisema yote. Alisema kuhusu milango, mikebe, maji ya kufulia, kuku. Alinyoosha viganja vyake mbele ili wavione. Alisema kuhusu wanawake wanaotoka choo cha kampuni na leso kiunoni, bila kumtaja mwanawe, na Shiko aliyekuwa amekaa na wa laini yake alitazama chini. "Kumi na Moja ibaki vile iko," alimaliza. "Isiguswe hata kidogo."

"Mama, umeongea maneno mazito sana," alisema Mheshimiwa Kosgei, na alionekana kumaanisha. "Mpigieni mama makofi. Hapana, hayo ni ya kitoto. Pigeni makofi ya watu wazima!"

Wakapiga. Kisha karani wa kamati akasimama na makaratasi, akasoma marekebisho kwa Kiingereza, mbiombio, kichwa chini, ukurasa baada ya ukurasa. Waliokuwa nyuma walianza kuulizana kama soda zimeletwa. Kigen alinyoosha mkono.

"Mheshimiwa, tungeomba hayo yasomwe kwa Kiswahili ndio wananchi waelewe kimebadilishwa nini."

"Kijana, tuko na kikao kingine Gilgil saa nane. Nakala za Kiswahili zitaletwa, usijali." Mheshimiwa Kosgei alitazama saa yake, kisha akatazama ukumbi kwa upendo. "Wananchi, mmesikia mswada, na sisi tumewasikia. Sisi ni watu wa Mungu. Hatuwezi kuondoka hivihivi. Nimesikia yule mama aliyeongea ni mtu wa maombi. Mama, hebu njoo mbele utufungie."

Mugure hakutegemea. Aliona haya kidogo, akajipangusa uso kwa kitambaa, akaenda mbele. Hapo alikuwa nyumbani. Alikuwa ameongoza maombi ya Jumatano kwa muda mrefu kiasi kwamba maneno yalikuja yenyewe, na hakuwahi kuomba watu wakiwa wamekunja mikono kama wanaosubiri mahakamani.

"Tusimame wote," alisema. "Tufumbe macho. Na tuinue mikono yetu juu, kila mtu, tumkabidhi Mungu huu mswada."

Wakasimama. Kabla hajafumba macho yake, aliwaona. Mikono ilikuwa inapanda kutoka mstari wa mbele hadi mlangoni, mikono yenye plasta, mikono yenye madoa ya kijani, ya vijana na ya wazee, ya Akeyo, ya Shiko. Wote. Wale waliofungiwa vinywa na chupa moja ya maji walikuwa wameinua mikono mbele ya Bwana Mbugua bila woga, maana ni nani atakayefukuzwa kazi kwa kuomba? Mugure alielewa, au alidhani ameelewa, kwamba hii ndiyo sauti yao. Hawakuweza kusema, lakini hili waliliweza. Machozi yalimtoka baada ya yote aliyomwahidi Shiko.

"Baba," aliomba, "tunauweka mbele yako huu mswada wa watoto wako. Uubariki. Uupitishe. Asiwepo wa kuuzuia."

"Amina!" ukumbi ulijibu.

Katikati ya maombi alisikia kamera ikilia, mara kadhaa, hatua chache kutoka mahali aliposimama. Hakufumbua macho. Aliwaza, wacha wapige, wale wengine bungeni nao waone Kamere tuko wangapi.

Baada ya hapo zikaletwa soda na mkate, na watu wakala wakichangamka. Wiki ile Mugure alilala vizuri. Alimwambia Shiko avumilie kidogo tu, sheria ikipita atahamishiwa kupanga maua kwenye maboksi. Shiko alimwambia, "Sawa, mum," kwa sauti ya mtu anayemsikiliza mtoto. Lakini usiku mmoja Mugure alimsikia, kupitia ukuta wa mabati, akimwambia Jeff kwamba kule kwenye maboksi kuna viti.

Kigen alikuja mvua za vuli zilipokuwa zinakatika. Alikataa chai, na hapo Mugure akajua. Aliketi kwenye kigoda, akatoa simu, akaitazama kwanza mwenyewe.

"Umepita," alisema.

"Umepita? Si hiyo ni habari njema?"

"Umepita vile kampuni ilitaka. Kumi na Moja bado iko, Mama Shiko, ila wameongeza maneno. Sasa inasema mwenye kampuni atafunga mlango pale inapowezekana. Na atahamisha mama mjamzito pale inapowezekana."

"Na nani anaamua kama inawezekana?"

"Yeye mwenyewe."

Nje, kuku walikuwa wanachakura. "Lakini sisi tulikataa," alisema. "Nilisema mbele yao. Nilisema isiguswe."

Kigen alimpa simu. Ilikuwa ripoti ya kamati, na katikati ya ukurasa palikuwa na picha. Mugure aliisogeza karibu na macho. Aliutambua ukumbi. Alimtambua Akeyo, akamtambua Shiko kwa sweta lake. Mbele ya wote alijiona mwenyewe, rinda la kanisani, mikono yote miwili juu, mdomo wazi. Chini yake paliandikwa kwamba wakazi wa Kamere, kwa kuinua mikono na kwa kauli moja, waliunga mkono mswada kama ulivyorekebishwa.

"Hii si kura," alisema. "Hii ni maombi!"

"Najua."

"Si wanaona watu wamefumba macho? Nani anapiga kura macho yamefungwa?"

"Niliwaambia hivyohivyo," alisema Kigen. "Wakasema ni mwanga wa kamera."

Mugure alitaka kucheka na hakuweza. Alirudi kwenye picha. Akapitia nyuso moja moja, akitafuta hata mtu mmoja aliyefumbua macho. Hakumpata, maana wote walikuwa wameomba kwa kweli.

Waliamua kwenda Nakuru, ofisini kwa Mheshimiwa Kosgei. Kigen alisema haitasaidia, ila alikuwa na adabu ya kusema hivyo mara moja tu. Walingoja kwenye benchi tangu ofisi zilipofunguliwa hadi watu walipoanza kutoka kwenda chakula cha mchana. Mheshimiwa Kosgei alipowaona alifungua mikono yote.

"Mama wa maombi! Karibu, karibu. Mleteeni mama chai."

"Sijakujia chai, mheshimiwa. Nimekuja kwa sababu ya ile picha. Ile haikuwa kura. Tulikuwa tunaomba."

"Picha gani? Aah, ile. Picha nzuri sana. Wenzangu bungeni waliipenda." Alikaa, akamtazama kwa huruma. "Mama, siku ile uliomba nini?"

"Niliombea mswada."

"Uliombea mswada. Ulimwambia Mungu aufanye nini?"

"Aupitishe."

"Na watu wako wakajibu?"

Mugure aligeuka kumtazama Kigen.

"Si walisema amina? Na mikono iko juu? Sasa mama, shida iko wapi? Mungu amejibu."

"Waliombea mswada wa kwanza," alisema Kigen. "Si huo wenye marekebisho."

"Kijana, wakati wa maombi, mswada uliokuwa mezani ni huo wenye marekebisho. Karani alikuwa ametoka kuusoma. Ulikuwa hapo, nilikuona."

"Kwa Kiingereza."

"Si ni lugha rasmi ya nchi?" Mheshimiwa alimgeukia tena Mugure, na sauti yake ikapungua, ikawa ya mtu wa ukoo mmoja. "Mama, mimi pia ni mtu wa kanisa. Mzee wa kanisa, uliza huko kwetu Rongai. Sasa unataka nisimame mbele ya bunge niseme watu wa Kamere waliinua mikono kwa Mungu, halafu wanaikana? Nawezaje kuwafanyia hivyo? Mtaonekana watu gani?"

Chai ikaletwa. Mugure aliitazama kwa muda. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri, na kifua kilikuwa kinambana kwa sababu ya ngazi alizopanda. Aliinywa. Ilikuwa na maziwa mengi na sukari nzuri, na alijichukia kwa kuiona tamu.

Kamere habari ilikuwa imemtangulia. Ile picha ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu, na kila aliyejiona humo alitafuta wa kumuuliza. Walisema Mama Shiko alikula hongo. Mbona yeye ndiye aliyeitwa mbele? Mbona mheshimiwa alimsifu? Mbona amekwenda Nakuru ofisini kwake, akanywa chai? Akeyo peke yake ndiye aliyekuja mpaka mlangoni kumuuliza ana kwa ana.

"Si ni wewe ulituambia tuinue?"

"Ni mimi, Akeyo."

"Mimi ningekaa na mikono yangu chini."

"Najua."

Akeyo alisimama pale kidogo, kama mtu aliyesahau kilichomleta, kisha akaondoka. Jumatano waliokuja kwenye maombi walikuwa wachache. Mugure aliongoza kama kawaida, na kwa mazoea tu akasema, tuinue mikono. Alipochungulia, Akeyo alikuwa ameificha yake ndani ya leso. Wengine walikuwa wameshika Biblia kwa mikono miwili. Mkono ulioinuka ulikuwa wa bibi mmoja asiyesikia vizuri, naye alipoona yuko peke yake akaushusha akajikuna shingo. Mugure alimaliza maombi haraka na hakusema tena maneno yale.

Kisha ikafika Januari, na oda za Valentine. Msimu huo Kamere nzima hailali. Mabasi ya kampuni yanatoka kabla ya jogoo na kurudi watu wakiwa wamelala kwenye viti. Shiko alienda na tumbo lake, ambalo sasa halikufichika kwa sweta lolote. Alikuwa ameomba kupelekwa kwenye maboksi. Aliambiwa jina lake limeandikwa, na kwamba itakapowezekana ataitwa.

Alasiri moja Jeff alikuja mbio kutoka kona. Alisema mtu wa laini ya Shiko amepiga simu kusema Shiko hajisikii vizuri, na mlinzi amewakatalia wanaume kukaribia geti. Mugure alichukua leso na chupa ya uji, akaenda kwa miguu kando ya ua wa kampuni, akisimama kila mara kupata pumzi. Alipofika, zamu ilikuwa inatoka. Wanawake walikuwa kwenye foleni upande wa ndani, wakipita mmoja mmoja mbele ya Cheptoo, soja wa kike, aliyewapapasa mbavuni na mifukoni kuhakikisha hakuna anayetoka na ua. Ukutani, juu ya kichwa cha Cheptoo, kampuni ilikuwa imebandika ile picha. Walikuwa wameikuza ikawa kubwa kama mlango, wakaifunika plastiki isinyeshewe. *Asanteni Kamere*, iliandikwa. *Tuko Pamoja*.

Shiko alikuwa karibu kufika mbele. Mugure alisogea kwenye waya, na kabla hata ya kumwita aliisikia harufu. Alikuwa akiifua kwenye karai kila wiki, asingeweza kuikosea. Mabega ya dastikoti yalikuwa na unyevu.

"Wamepiga dawa leo?" aliuliza.

"Asubuhi," Shiko alisema. Midomo yake ilikuwa imekauka.

"Na mkaingia?"

"Supavaiza alisema leo haikuwezekana kungoja. Ndege ya maua ni ya jioni."

"Shiko, tumbo likoje?"

"Linavuta. Mum, wacha kwanza nitoke."

Akafika mbele. "Mikono," alisema Cheptoo, bila ubaya, kama anavyosema tangu asubuhi mpaka jioni. Shiko aliinua mikono juu. Dastikoti, iliyokuwa haifungi vifungo tena, ilipanda nayo, na tumbo likabaki wazi mbele ya foleni yote.

Honi ikalia kwenye geti kubwa. Ilikuwa gari la Bwana Mbugua. Cheptoo aliacha kila kitu akakimbia kumfungulia, na ilionekana Bwana Mbugua alikuwa na la kumwambia, kwa sababu dirisha lilishuka na Cheptoo akainama kusikiliza, akiitikia kwa kichwa.

Nyuma ya Shiko foleni ilingoja. Mugure alishika waya kwa viganja vyake vya ngozi laini. Alitaka kumwambia ashushe mikono, apumzike. Lakini wote wanajua kwamba anayeshusha mikono kabla hajapapaswa hurudishwa mwisho wa foleni, na foleni ilikuwa imefika mpaka kwenye magrinihausi.

Shiko alibaki amesimama chini ya picha, mikono juu, miguu imeachana kidogo ili imhimili. Mikono ilianza kushuka. Akaiinua vizuri zaidi. Kisha, kwa uchovu tu, akafumba macho.